Pini Nne na Kabati la Baba

19 Machi

Kaka Mizani,

Dereva wako wa lori la saruji amenikuta nakunja pindo la suruali ya mteja mwenye haraka. Ameweka barua yako juu ya cherehani na kuondoka bila hata kunywa maji. Ukurasa wa Mama nimemsomea. Amecheka sana ulipoeleza habari ya yule dereva aliyeficha tairi la akiba vichakani akidhani mizani yenu ya malori haitajua. Anakusalimu, na anasema uache kula umesimama.

Sasa habari ya jicho. Jana tulifika hospitali mapema kama tulivyopangiwa, lakini upasuaji haukufanyika. Mashine yao imeharibika na wanamsubiri fundi. Watatupigia. Mama amelipokea vizuri tu, anasema aliyekaa na ukungu miaka minne hashindwi na wiki mbili tatu. Pesa uliyotuma ipo salama, usiwe na shaka.

Ila nakuomba usipige simu nyumbani kuuliza. Unayajua masikio ya Mama, anaisikia simu ikiwa bado imo mkobani mwangu, na akisikia umesikitika naye atasikitika. Niandikie hapa dukani kama kawaida, nami nitamsomea.

Mdogo wako,
Sindano


24 Machi

Mdogo wangu Sindano,

Barua hii haina ukurasa wa Mama.

Juzi wakati wa mapumziko niliomba simu ya ofisi nikapiga hospitali. Nilitaka kujua fundi anatoka wapi, maana hapa tuna fundi wa mizani mzuri na nilidhani huenda naye anajua mashine za macho. Unanijua nilivyo, nikiona kitu kimekwama nataka kukisukuma. Dada wa mapokezi akapekua daftari lake. Akasema hakuna mashine iliyoharibika. Siku hiyo walipasua watu kumi na mmoja. Wa kumi na mbili alirudishwa kwa sababu malipo hayakutimia. Aliniambia kwa upole sana, na huo upole ndio ulioniumiza.

Nilituma laki sita. Umeniandikia kwamba zipo salama. Zipo salama wapi?

Msimamizi wangu ananiuliza kila asubuhi jicho la mama linaendeleaje, kwa kuwa nilimtangazia kila mtu hapa. Jana nimemwambia linaendelea vizuri. Sasa na mimi nimekuwa mwongo kwa ajili yako, na bado sijui nimedanganya juu ya nini.

Andika.

Kaka yako


27 Machi

Kaka,

Nimeianza barua hii mara tatu nyuma ya risiti za wateja. Sina uso wa kukutazama, nashukuru ni karatasi.

Mashine haikuharibika. Nina kadi nne za mkopo. Unaijua moja, ya kijani, niliyonunulia jokofu. Ya bluu niliichukua duka lilipotupunguzia siku za kazi, nikaitumia kulipia ya kijani. Nyeusi ikaja kulipia bluu na kodi ya nyumba. Nyekundu sikumbuki vizuri niliichukulia nini, na hilo linaniaibisha kuliko hayo mengine yote. Kila moja ina siku yake ya mwisho ya kulipa: tarehe 5, 11, 14 na 27. Mshahara unaingia tarehe 16. Kwa hiyo kadi tatu zinanibishia hodi kabla sijalipwa, na ya nne inakuja mshahara ukiwa umeshakwisha.

Nikajitungia utaratibu wangu. Kalenda ya jikoni nimeichoma pini za dukani, zile zenye vichwa vya rangi, kila kadi na rangi yake. Asubuhi chai ikichemka natazama pini iliyo karibu. Nikienda kazini napitia kwenye mashine ya kutolea pesa, naangalia salio, najiambia: ipo. Katika salio hilo zilikuwa laki sita zako za jicho na elfu themanini zangu, zimelala kitanda kimoja. Si mara moja wala mbili nimechota kwenye za jicho nikarudisha mshahara ulipoingia. Wewe hukujua, Mama hakujua, nami nikajiona mjanja.

Mwezi huu tarehe 11 bluu ilitaka laki moja na nusu. Nikatoa themanini zangu, sabini nikaazima kwenye za jicho. Ningezirudisha tarehe 16, siku mbili kabla ya upasuaji. Pini nyeusi ilikuwa tarehe 21, kwa hiyo sikuiwazia. Kumbe tarehe 14 kampuni ya kadi nyeusi ilijichotea yenyewe laki mbili na elfu arobaini. Niliwahi kuweka saini wajichotee, ili nisichelewe.

Pini ilidondoka mwanzoni mwa mwezi. Mama aliisikia ikigonga sakafu, akapiga magoti, akapapasa mpaka akaipata, akairudisha ukutani mwenyewe. Aliniambia kwa fahari kabisa, nikamshukuru bila hata kugeuka. Aliichoma mstari mmoja chini. Kumi na nne ikawa ishirini na moja. Tundu la kwanza bado lipo pale juu yake. Kadi hiyo ninayo mwaka na miezi mitatu, Kaka, na tarehe yake siijui kichwani, najua pini tu. Tafadhali Mama asijue kabisa.

Mshahara ukaingia, laki mbili. Sikuangalia salio, nilikuwa na furaha ya jicho. Tarehe 18 Mama akavalishwa gauni la wagonjwa, nesi akamchora alama ya kalamu juu ya jicho la kulia wasije wakakosea. Nikaenda dirisha la malipo. Karani akaniambia kwa sauti ya chini, "Haitoshi, dada." Nikampa nyekundu, kimashine chake kikalia. Nikampa bluu, kikalia. Nikampa kijani, nikampa nyeusi. Watu waliokuwa nyuma yangu wakaanza kutazama dari ili wasinitazame mimi. Mama alikuwa kwenye benchi, hatua nne tu.

Aliniuliza, "Mbona tunarudi?" Nikamwambia mashine imeharibika. Akasema, "Masikini, pole yao."

Nyumbani nikaifuta ile alama kwa kitambaa cha maji. Aliniinulia uso kama mtoto anayeoshwa, nami nikafuta.

Sindano


31 Machi

Mdogo wangu,

Nimekasirika siku mbili. Siku ya tatu nimeisoma tena hiyo habari ya kitambaa nikashindwa kuendelea. Lakini bado nina ya kusema, na utayasoma yote.

Hapa kituoni lori likipanda mizani naandika, tuseme, tani thelathini na mbili. Hakuna dereva hata mmoja atakayekwambia amebeba tani thelathini na mbili. Tunatoa kwanza uzito wa gari lenyewe, kinachobaki ndicho mzigo. Wewe muda wote huu umekuwa ukipima lori zima na kuliita mzigo. Salio la kwenye mashine si pesa yako, Sindano. Toa kila kitakachochotwa kabla ya mshahara ujao. Toa kodi. Toa za jicho, ambazo hazikuwa zako hata siku moja. Kinachobaki ndicho unachoweza kushika mkononi. Kikiwa sifuri, basi una sifuri, na ni vizuri ukalijua hilo jikoni kwako kuliko dirishani kwa watu.

Ng'oa hizo pini. Chukua karatasi, andika kadi zote, tarehe, kiasi, deni lote kwa jumla, na chini yake kilichobaki benki. Niletee. Usipunguze hata elfu moja kwa kunionea huruma.

Kuna jambo moja sikulielewa, nami nimepiga hesabu mara mbili. Siku ile ulipungukiwa laki moja na elfu kumi tu. Kwa nini hukunipigia simu pale pale dirishani? Mama alikuwa ameshavalishwa. Ningetafuta, ningetuma, saa hiyo hiyo angeingia. Badala yake umemvua gauni ukamrudisha nyumbani, ukaninyamazia. Hilo haliniingii kichwani.

Kaka yako


4 Aprili

Kaka,

Karatasi hiyo nimeikunja ndani. Deni lote kwa pamoja ni laki kumi na tisa. Sijawahi kulijumlisha kabla ya juzi, kila kadi nilikuwa naiangalia peke yake kama mteja anayepimwa. Nilipomaliza nilikwenda kuosha vyombo vilivyokuwa visafi.

Benki zimebaki laki mbili na elfu themanini. Kodi imetoka, nyekundu nayo imekula yake tarehe 27. Nimetoa uzito wa gari kama ulivyonifundisha: kijani kesho, bluu tarehe 11, nyeusi 14. Sijui kama mizani yako inaweza kusoma chini ya sifuri. Hii yangu imesoma.

Sasa hilo uliloniuliza. Nimelizunguka siku tatu.

Pale dirishani nilishika simu. Nilishaifungua kwenye namba yako. Nikatazama benchini, nikamwona Mama ana alama yake juu ya jicho, anatabasamu kwa ukuta. Nikawaza: wakimpasua, kesho kutwa watamtoa bandeji, atarudi nyumbani, ataingia sebuleni ataona. Nikairudisha simu mkobani.

Kaka, sebule ni tupu. Nimeuza kioo kirefu. Nimeuza mapazia mazito, nimetundika vitambaa vya dukani. Fremu za picha nimeuza, picha zenyewe zimo kwenye bahasha chini ya godoro. Na Novemba nimeuza kabati la vyombo, lile alilochonga Baba. Nilipewa elfu tisini na tano, likalipa kijani miezi miwili. Redio sikuigusa kwa kuwa anaisikiliza. Nimeuza vya macho tu, vya masikio nimeviacha. Nilichagua hivyo nikiwa na akili zangu timamu.

Yeye hajui. Mpaka leo akitoka chumbani ananyoosha mkono wa kushoto, anapita kando taratibu kama kabati bado lipo, anaizunguka pembe yake, anaenda kukaa. Kila siku. Nikimwona hivyo natamani ardhi ipasuke. Yeye anazunguka kabati la mumewe, na mimi nimesimama jikoni nimebana pumzi ili asije akagundua kwamba mbele yake hakuna kitu.

Kwa hiyo si pesa iliyomrudisha Mama nyumbani. Nilitaka aone, na nilitaka asione. Siku ile hilo la pili lilikuwa na nguvu zaidi.

Nikatae kama dada ukitaka. Usimkatae Mama.

Sindano


9 Aprili

Mdogo wangu Sindano,

Nilitaka kukuandikia kwa hasira nikakuta sina haki nayo.

Zile laki sita. Laki mbili zilikuwa zangu. Laki nne nilizitoa taslimu kwenye kadi ya mkopo kwa siku moja, kisha nikakuandikia kwamba ni marupurupu ya mwisho wa mwaka. Hakukuwa na marupurupu. Kadi hiyo hulipwa tarehe 8, na jana nimelipa tena kiwango cha chini kabisa, mwezi wa tano mfululizo. Somo lote lile la lori na mzigo nimekuandikia huku karatasi ya kadi ikiwa kwenye droo hiyo hiyo ninamoweka kalamu.

Kwa hiyo ulipolipia kadi yako kwa pesa za jicho, ulilipia kadi kwa kadi nyingine. Na ile simu ya dirishani, hata ungeipiga, laki moja na elfu kumi usingeipata. Ningekwambia mtandao unasumbua, nipe mpaka jioni. Nilikuwa nimeshazoea kuwa kaka mkubwa mwenye kutuma, na sikutaka mtu anishushe hapo.

Nimefanya hivi. Nimeuza likizo yangu kwa ofisi, siku zote ishirini na nne, wamenipa laki tano. Nimezilipa moja kwa moja hospitalini kwa jina la Mama. Usifikiri ni kwa sababu sikuamini. Ndiyo, ni kwa sababu hiyo, lakini pia sijiamini mimi. Iliyobaki laki moja itoe leo hii kwenye zako kabla nyeusi haijachota, ukailipe kwa mkono wako. Halafu nenda kwa hao wenye kadi, mmoja mmoja, uombe wakupangie malipo baada ya tarehe 16. Futa saini ya kujichotea. Mimi nimeshakwenda kwa wa kwangu. Nilitoka jasho kama nimebeba magunia, na kijana aliyenihudumia hakuniuliza hata swali moja.

Maana yake ni kwamba Juni siji. Nilimwahidi Mama nitakuja. Sijui utamsomea nini.

Sasa kabati. Nilijifunza kusimama kwa kulishika. Lakini mpe macho, Sindano. Akiona, tutatazamwa wote wawili.

Kaka yako, ambaye hana haki ya kuitwa Mizani


15 Aprili

Kaka Mizani,

Utaitwa hivyo hivyo, umeshazoeleka.

Laki moja nimelipa. Karani wa dirishani alikuwa yule yule, amenitambua, akajifanya hanitambui. Mungu ambariki. Kadi tatu wamekubali kunisogezea siku, zote sasa zinalipwa tarehe 18, riba wameacha kama ilivyo. Wa nyeusi wamekataa, lakini saini nimeifuta, sasa nitakuwa naipeleka mwenyewe. Kadi zote nne nimezikata kwa mkasi mkubwa wa kazini. Mwenye duka akanikaripia kwamba naharibu makali. Nimemwambia makali hayo yamefanya kazi nzuri leo kuliko mwaka mzima.

Pini nimeng'oa. Kila asubuhi naandika lori, natoa gari, naangalia mzigo. Leo mzigo wangu ni elfu nane mpaka kesho. Ni kidogo mpaka unachekesha, lakini ni wa kwangu.

Upasuaji ni tarehe 22, bandeji itatoka 24. Barua yako ya mwisho sijamsomea Mama. Nimemwambia umesema utachelewa kidogo kuja. Najua, nimeanza tena.

Nilifikiri kumweleza habari ya sebule mapema, kabla ya jicho. Jana nilikaa karibu yake nikafungua mdomo. Akasema, "Unahema kama uliyekimbia, una nini?" Nikamwambia nimechoka. Sikuweza, Kaka. Nitasimama mlangoni siku hiyo, nipokee kitakachokuja.

Sindano


26 Aprili

Mwanangu Mizani,

Hii naandika mimi, kwa mkono wangu, uone herufi zilivyo kubwa. Sindano alitaka nimwambie aandike, nimemnyima kalamu. Jicho la kulia linaona. La kushoto litangoja zamu yake, na safari hii mtaniambia ni pesa za nani kabla sijavaa gauni lao.

Likizo yako nimejua, na kadi yako nimejua. Usimgombeze mdogo wako, nilimbana. Mwaka ujao utakuja. Una miaka arobaini na moja, unajificha kwenye droo na karatasi kama ulivyokuwa unajificha na sukari. Msinifanyie hivyo tena, wewe wala yeye. Mlinitunza kama yai, na mimi ni mtu mzima niliyewazaa.

Sindano amebandika karatasi jikoni, tarehe zote kwa wino mwekundu, kubwa, na mimi naziona. Hakuna pini. Nadhani najua kwa nini hakuna pini, ila sijauliza. Huyo ni mtoto wa kunificha kosa langu huku yake yanamtoa machozi.

Sasa nikwambie habari ya kabati, kwa kuwa yeye hawezi kuisimulia bila kulia.

Liliondoka siku niliyokuwa nimekwenda kusukwa nywele kwa jirani. Niliporudi nikakohoa mlangoni, kikohozi changu kikagonga ukuta kikanirudia. Sebule yenye kabati haifanyi hivyo. Nikanyoosha mkono, hewa tupu. Nikataka kuuliza. Lakini nikasikia kimya kutoka jikoni, na nakijua kimya cha mtu anayepika na cha mtu anayekutazama. Yule alikuwa ananitazama, amebana pumzi. Nikajua mtoto wangu ana shida ambayo hawezi kuitamka, na kama nitapita katikati ya sebule nitamwumbua. Basi nikazunguka. Kesho yake nikazunguka. Miezi mitano, mwanangu, nimezunguka kabati ambalo halipo, na mguu wangu mmoja unauma, ili mtu mmoja jikoni aweze kuvuta pumzi.

Nilidhani namsaidia. Kumbe nilimwachia mzigo abebe peke yake. Na mimi nina aibu yangu hapo, iandike na hiyo kwenye karatasi zenu.

Juzi tulitoka hospitali. Nikaingia sebuleni na jicho langu jipya. Nikaona ukuta, na juu yake alama nyeupe pale kabati lilipokuwa, kubwa kuliko nilivyolikumbuka. Nikageuka nikamwona Sindano mlangoni, ameshika mkoba kifuani kwa mikono miwili. Amekonda. Hilo hamkuniambia. Nikaanza kwenda kwenye kiti changu, na miguu ikazunguka yenyewe, pembe kwa pembe, mbele ya macho yake, wakati mimi naona wazi hakuna kitu. Hapo akaelewa kwamba nilijua tangu mwanzo. Akaketi chini pale pale mlangoni.

Nikamwambia, "Simama. Nishike mkono, leo tunapita katikati."

Tukapita.

Mama yenu